Neno "inaingia" lilivyonigharimu: miezi 14 na Honda CG125 ya mzee

Pikipiki yenyewe niliikuta bandani Muheza, kuku wanalala juu ya siti. Sitii chumvi, walikuwa wanalala kweli, na mavi yao yalikuwa yamegandia kwenye tangi mpaka yamekula rangi. Honda CG125 ya mwaka 1981. Mzee alikuwa bwana shamba na ndo pikipiki aliyopewa na ofisi kuzungukia vijiji vya huko juu kuelekea Amani, baadae ofisi ikauza vifaa chakavu kwa mnada akainunua, kwahiyo aliijua miaka kibao kabla haijawa yake. Ikamsomesha dada yangu, ikanisomesha mimi, ikabeba matenga ya machungwa sijui mangapi, halafu mwaka 2006 ikajam katikati ya mlima na mzee akaisukuma mpaka nyumbani akaiegesha. Akasema basi. Mzee akisema basi ni basi.

Mi naishi Tanga mjini. Nikaipakia kwenye kirikuu, nikaileta, nikaiweka nyuma ya nyumba kwenye kile kibanda cha mabati ambacho mke wangu alikuwa anaanikia nguo kipindi cha mvua. Hiyo ndo gereji yangu. Hamna jeki ya pikipiki, hamna kompresa, kuna meza moja ya mbao ya mninga iliyokatika mguu nikaikongomea kwenye nguzo, taa moja, na feni mbovu. Nilijiwekea lengo moja tu, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Sio ipendeze tu, irudi vile vile. Nilidhani miezi mitatu.

Kwa wasioijua, hii CG125 ndo bibi wa bodaboda. Ilitoka 1976, Honda waliitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu baada ya kuona watu wanavyobebesha pikipiki mizigo ya punda na oili habadilishi mtu. Injini zao nyingine za wakati ule kamshafti (kile chuma kinachozunguka na kufungua vavu, yaani milango ya kuingiza na kutoa hewa ya injini) ilikuwa juu kwenye hedi, inazungushwa na cheni, nzuri sana ila ukiinyima oili inakufa mapema. Kwenye hii wakaishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia, hamna cheni ya taimingi kabisa, na juu zinapanda fito mbili za chuma, pushirodi, kwenda kusukuma vavu. Na kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya vavu zote mbili! Nilipofungua nikaiona nilicheka peke yangu bandani. Mtu alikaa mezani Japani akamfikiria baba yangu asiyebadilisha oili.

Wachina nao wakaja kuikopi, na bodaboda nyingi za Kichina zilizojaa barabarani injini yake ni hii hii na mabadiliko madogo madogo. (Boxer sio, ile ni ya Kihindi na ukoo wake mwingine.) Sasa hapo ndo raha na balaa vinapoanzia. Ukiingia duka lolote la spea hapa Ngamiani ukasema nataka kitu fulani cha CG, muuzaji anakutolea cha bodaboda anakwambia neno moja: inaingia. Kabureta? Inaingia. Taa? Inaingia. Silinda? Chukua hii set nzima, inaingia. Na ukweli ni kwamba nyingi zinaingia kweli. Nimeshamaliza pikipiki lakini hilo neno nikilisikia mpaka leo mgongo unanisisimka.

Ila kabla ya spea nilikosea mengine, ngoja niyaseme.

Kosa la kwanza, skrubu. Kava za injini zimefungwa na skrubu za nyota, nikachukua bisibisi nyota yangu ya kila siku, nikakandamiza, ya kwanza ikaruka, ya pili ikaruka, ya tatu kichwa kikawa duara kama kitufe cha shati. Nikalaumu kutu. Kumbe skrubu za Kijapani sio nyota hii tuliyoizoea, zinafanana kwa macho lakini mdomo wake umekatwa tofauti, bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, inakaa juu juu halafu ukizungusha inapanda na kula vichwa. Ukiangalia vizuri nyingi zina kanukta kadogo kichwani, hako ndo alama. Nilichofanya, nilichukua bisibisi nyota nyingine nikaisaga ncha kidogo kwa jiwe mpaka ikazama yote, halafu kabla ya kuzungusha unaiweka, unaipiga nyundo mbili tatu za nguvu wima, ndo unazungusha. Zilizobaki zote zilitoka. Zile tatu nilizoziua ilibidi nizitoe kwa tindo, unaweka tindo pembeni ya kichwa unagonga kwa upande wa kufungulia, taratibu, huku unamuomba Mungu alumini isipasuke.

Kosa la pili ni makopo. Nilikuwa na makopo ya Blue Band, kila kopo na nati zake, safi kabisa, nimejiona injinia. Sikuandika kitu juu. Nilikuwa nakumbuka si unajua, kopo la kushoto ni kava ya klachi, linalofuata ni la magneti. Mwezi wa pili mtoto wangu wa mwisho akayapanga makopo upya kwa ukubwa. Alikuwa ananisaidia masikini. Bolti za kava hazilingani urefu, ukiingiza ndefu kwenye tundu la fupi unapasua alumini au inagota kabla haijakaza, nilikaa jioni nzima na rula na tochi. Siku hizi nachora kava lenyewe kwenye boksi gumu, natoboa matundu, kila bolti naichomeka pale pale ilipotoka.

Kosa la tatu ndo liliniuma. Magneti. Ile sahani nzito ya sumaku iliyoko kwenye ncha ya krenki, imebana kwenye ncha iliyochongoka kama koni, haitoki kwa kuvuta. Kila mtu anajua unahitaji pula, kile kifaa cha kuing'olea. Mi nilijua pia. Ila ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, nimepata mori, nikaona nyundo na kipande cha mbao vitatosha. Havikutosha, nikatoa mbao. Piga moja, piga mbili, ncha ya krenki ikabonyea kama uyoga, nati ikawa hairudi tena. Jumatatu nikaenda kwa fundi bodaboda pale kona, akanipa pula yake, ile yenye saizi tofauti kila upande, upande mmoja ukashika, akazungusha spana mara nne, TAK, ikatoka. Hata hakukaa chini. Akaniuliza "kaka ulikuwa unaharakia wapi?" Ile hesi ya krenki, yaani mikato ambayo nati inazungukia, ilichukua siku mbili za fundi wa kukereza kuirudisha, na bado hapo mwisho nati inapita kwa kubanana.

Sasa injini. Ilijam, kiki haishuki hata robo. Nikatoa plagi nikamimina dizeli na oili ya breki kidogo kidogo kila jioni siku tisa, halafu najaribu kuzungusha krenki kwa spana bila kulazimisha. Wapi. Nikafungua hedi, nikaona ukuta wa silinda una pete ya kutu pale ringi zilipolala miaka kumi na sita. Kipande cha mti laini juu ya pistoni, nyundo ya mpira, nikaigonga ikashuka kama nywele moja. Nikaacha. Kesho yake tena. Siku ya tatu ikaachia.

Nikafuta kichwa cha pistoni kwa kitambaa chenye petroli na hapo nikaona namba imegongwa: 0.75.

Nieleze kidogo. Silinda ikilika, inachongwa ndani iwe pana zaidi, halafu unaweka pistoni kubwa zaidi, zinatoka kwa hatua, 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00, milimita hizo. Ya kiwandani ni kipenyo cha milimita 56.5. Kwahiyo silinda ya mzee ilishachongwa, na mi nimebakiwa na hatua moja tu, baada ya hapo ni kuweka silivu, bomba jipya la chuma, ndani. Nikampigia simu. "Baba, hii injini ilishawahi kufunguliwa?" Akasema haijawahi. Nikamwambia mbona pistoni ni sufuri pointi sabini na tano. Kimya. Halafu akasema "Aah, ile ya Korogwe," kama vile Korogwe haihesabiki.

Hapo ndo nikaingia mtegoni. Pistoni ya 1.00 haipo Tanga. Nikapanda basi mpaka Dar, Gerezani na Kariakoo siku mbili, kila duka naambiwa hiyo saizi sahau, na kila duka naoneshwa silinda mpya ya bodaboda, na pistoni yake, na ringi, na gasketi, ndani ya boksi zuri jekundu. Shilingi elfu sabini na tano. Jamaa mmoja akaniambia "hii orijino kabisa, orijino ya China", na alikuwa hatanii, ndo lugha yao, kuna orijino ya China na kuna feki ya China, na mi nimechoka, miguu inauma, basi la kurudi linaondoka saa nane. Nikanunua.

Na kweli iliingia. Nilivyofika Tanga nikaifunga usiku ule ule, matundu yakalingana, bolti zikapita, nikajisemea kumbe nilikuwa najitesa bure. Asubuhi nikatoka na chai yangu kuiangalia. Ikawa inanikera na sijui kwanini. Nikaiangalia mpaka chai ikapoa. Mapezi. Yale mapezi ya kupozea ya silinda, ya kwenye ile mpya yalikuwa manene na ncha zake butu, ya silinda ya zamani ni membamba na yamenyooka, na rangi ya chuma chenyewe ni tofauti, ile ya zamani ni kijivu cha kufifia, hii inang'aa kama sufuria ya dukani. Hakuna mtu mwingine angeona. Mke wangu nilimuita akaniambia zote ni pikipiki. Lakini nikawaza, nikishaweka silinda ya bodaboda, nina sababu gani ya kukataa kabureta ya bodaboda? Na taa? Na tangi? Na mwisho wa siku nitakuwa nimejenga bodaboda mbovu kwa milioni mbili wakati mpya iko dukani. Nikaifungua. Nikamuuzia fundi wa kona kwa elfu hamsini, akaniangalia kama mgonjwa.

Wokovu ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Nina binamu yangu yuko Dubai, anafanya kazi ghala moja na Wapakistani, siku moja namlalamikia kwenye simu akanikatisha, "CG125? Hiyo huku jamaa kila mmoja kwao anayo." Na ni kweli, Pakistani wameendelea kuiunda hii pikipiki miaka yote hiyo, bado ina pushirodi, bado sura ni ile ile ya kizamani. Kuna mmoja alikuwa anaenda likizo Karachi. Nikatuma picha, vipimo, na hela. Miezi miwili na nusu nikasubiri, nikasahau, kisha kikaja kifurushi kwa mtu anayerudi: pistoni ya 1.00 na ringi zake, gasketi zote, oili sili, kebo ya klachi, mpira wa kiki, na lile kava la cheni la bati lililofunika cheni yote ambalo hapa kila mtu alishalitupa. Nilikaa nalo mapajani kama mtu aliyepewa mtoto.

Fundi wa kukereza, na huyu namsifu bila kumtaja maana hapendi, alikuwa amekataa kuigusa silinda mpaka pistoni ifike mkononi kwake. Mi nilikuwa namsumbua, chonga basi, si umeshajua ni 1.00? Akaniambia namba ni ya kwenye karatasi, pistoni ndo pistoni, anapima ile yenyewe kwa maikromita halafu anachonga silinda kuifuata hiyo. Ilivyofika akapima mara tatu, ya asubuhi, ya mchana, na kesho yake. Wale waliokuwa tayari kunichongea siku ile ile wangenimalizia hatua yangu ya mwisho.

Kwenye kusafisha injini kitu ninachokumbuka zaidi ni ile chujio. CG haina chujio la oili la karatasi kama gari, ina wavu chini, na upande wa klachi kuna kikombe kinazunguka na krenki, uchafu unarushwa pembeni kwa kasi unagandia ukutani, oili safi inabaki katikati. Kina kifuniko cha skrubu tatu. Watu wanabadilisha oili miaka ishirini hawajawahi kukifungua. Nilivyokifungua cha mzee kilikuwa kimejaa mpaka pomoni tope jeusi gumu kama lami, nikalikwangua kwa kijiko, lilitoka na umbo la kikombe. Nililiweka dirishani. Lipo mpaka leo.

Rangi sitaisema sana maana sikuipaka mimi, nilijaribu nikashindwa. Nilimwagia maji sakafu vumbi litulie, nikapuliza alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, nikasahau mbu. Mbu watatu waliganda kwenye tangi wamekunjua mabawa. Nikampelekea fundi wa magari. Cha maana hapo ni rangi gani. Juu ilikuwa nyeusi ya brashi, chini yake kijani, chini ya kijani wekundu uliofifia ukawa kama waridi, kumbe sio rangi yake hiyo, ni jua. Usichukue sampuli juu ya tangi. Tangi likitoka, angalia sehemu ambayo siti huwa inalikalia kwa nyuma, na chini ya nembo, huko jua halijawahi kufika. Nilibandua nembo moja nikakuta kipande cha nyekundu mbichi kama nyanya, saizi ya kidole gumba. Fundi akachanganya kwa jicho mpaka ikafanana na kile kidole gumba.

Ndani ya tangi ilikuwa kazi nyingine. Siki, lita tatu, na mnyororo mfupi wa mbwa ndani, unatikisa kila ukipita. Siku nne kutu yote ikashuka, nikasuuza kwa maji yenye magadi ili ile siki ife, ndani linang'aa kama kijiko. Nikalala. Asubuhi chungwa tena! Hewa ya Tanga hii ina chumvi na unyevu, chuma kitupu hakivumilii usiku mmoja. Nikarudia yote, na safari hii dakika ile ile ya kusuuza nikaingiza drayer ya nywele ya mama watoto mdomoni mwa tangi nusu saa mpaka likakauka kabisa, halafu nikazungushia dizeli na oili kidogo ndani. Drayer baada ya hapo ilikuwa inanukia siki. Nilinunua nyingine. Na mtu mwenye tangi lililotoboka, tafadhali sana, usimpelekee fundi wa kuchomelea likiwa kavu eti halina petroli muda mrefu. Mvuke unabaki. Lijaze maji mpaka karibu na tundu ndo aguse.

Magurudumu nilimpa fundi baiskeli. Watu walinicheka lakini Tanga ni mji wa baiskeli, wazee wa spoku tunao. Rimu zilikuwa na kutu ya juu juu ikatoka kwa karatasi ya foili na maji, spoku zikawa zimeoza, 36 mbele 36 nyuma. Yule mzee hakutumia kifaa chochote. Aliligeuza gurudumu kwenye ekseli, akashika chaki, akaegemeza mkono kwenye chuma usitikisike, akalizungusha, chaki ikagusa pale tu palipotoka nje, akakaza spoku mbili za upande wa pili, akalegeza moja, akafuta kwa kidole, akazungusha tena. Zaidi ya saa nzima bila neno. Mwisho chaki ikachora mstari mwembamba duara zima bila kukatika, akasema chukua. Elfu kumi na mbili magurudumu yote mawili. Nikampa ishirini akanirudishia chenji.

Umeme ni volti 6. Hili liweke kichwani kama na wewe una ya zamani kama hii, sababu kila globu dukani ni ya 12, na inaingia (hilo neno!), inawaka lakini mwanga wake ni kama kijinga cha moto. Nilihangaika na waya wiki nzima nikidhani kuna mahali umeme unavuja. Globu za 6 nilizipata kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya zamani, na betri nikatumia ile ndogo ya volti 6 ya taa za dharura, inakaa vizuri kwenye sehemu yake na kwa nje haionekani. Hiyo sio orijino, nakubali. Nina dhambi mbili na hiyo ni moja, nyingine ni matairi.

Pointi, vile vibati viwili vinavyofunguka ili plagi itoe cheche, nikasafisha kwa msasa laini, nikapima nafasi milimita 0.35, na kujua zinafunguka wakati gani nilitumia ile nailoni nyembamba ya pakti ya sigara, unaibana katikati ya pointi, unazungusha magneti polepole huku unaivuta kidogo, pale inapoachia ndo zinafunguka, na hapo alama ya F ya kwenye magneti inatakiwa iwe imelala kwenye mstari wake. Sivuti sigara, niliokota pakti barabarani.

Ikawaka Jumamosi, mwezi wa kumi na nne. Kiki ya saba. Sitasimulia nilivyojisikia, majirani walitoka. Nikaiacha ikapata moto, nikaanza kuisikiliza, ikawa na kelele juu, tik tik tik tik, ya bati. Ikanikera. Pikipiki nimeikamilisha kila kitu halafu inalia kama cherehani? Ilivyopoa nikafungua vifuniko vya vavu, nikalegeza nati, nikakaza tapeti, ile skrubu ya kurekebisha nafasi ya vavu, mpaka ile nafasi ikaisha, nikawasha. Kimya, laini. Nikaona sasa ndo kazi.

Jumapili nikaenda kumchukua mzee Muheza. Ana miaka sabini na nane, macho yamepungua, masikio mazima. Nikamkalisha kwenye kiti bandani, mke wangu kamletea kahawa. Akaipapasa tangi, akapapasa hendeli, akapiga teke tairi la mbele. Hakusema kitu. Nikawasha. Akainamisha kichwa, akasikiliza labda dakika nzima, mi nasubiri sifa.

"Mbona hailii?"

Nikamwambia baba inaunguruma hiyo, husikii?

"Naisikia. Mbona hailii kule juu? Hii kitu inalia tiki tiki tiki. Zima. Ikinyamaza ujue vavu hazifungi, utaziunguza."

Nilibisha. Nikamwambia nimezitengeneza. Akaniambia alikuwa anaisikia ile tiki tiki toka 1981, akiwa mlimani na mvua, na siku ikinyamaza alikuwa anasimama pale pale anatoa spana. Zima, mwanangu. Nikazima. Tukasubiri ipoe, injini hii inapimwa ikiwa ya baridi kabisa, nikaleta fila, vile vibati vya kupimia nafasi, pistoni juu kabisa kwenye alama ya T, vavu zote mbili zimefunga, nafasi inatakiwa iwe milimita 0.08. Kwangu hata ile bati nyembamba kuliko zote ya 0.04 haikupita, upande wa ekzosi. Ningeiendesha wiki moja tu mpaka Pangani na kurudi ningeunguza vavu. Nikapima 0.08 zote mbili, unaisikia fila inapita na kukwaruza kidogo kama unavuta noti kwenye kitabu, nikakaza nati, nikawasha.

Tik tik tik tik.

Mzee akamalizia kahawa. Akainuka, akazunguka mpaka nyuma, akapapasa pale nyuma ya siti, akapapasa tena kama mtu aliyepoteza funguo.

"Keria yangu iko wapi?"

Ile keria ilikuwa ya nondo, alichomelewa sijui na nani miaka ya themanini, nzito, mbaya, imepinda upande mmoja, haikutoka kiwandani. Niliikata kwa msumeno mwezi wa kwanza kabisa na kumpa kijana wa chuma chakavu kwa kilo. Nikamueleza kuhusu kiwandani, kuhusu orijino. Akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho, halafu akauliza sasa machungwa atabebea kichwani?

Jumamosi hii naenda kwa fundi wa kuchomelea. Vipimo kavitoa mwenyewe kwa simu, upana wa tenga moja, ishike kwenye bolti za shokapu isiguse madigadi, na nondo iwe ya milimita 10, kasema ile ya 8 ndo iliyokuwa inapinda.